Kanga Waliokosa wa Kuwaingiza Bandani

Jirani yangu wa sasa anafuga kuku, na juzi asubuhi nilimsikia akitwanga kitu kwenye kinu. Kabla sijachungulia, harufu ilikuwa imeshanifikia: shubiri mbichi, chungu hata puani, imepondwa pamoja na pilipili kichaa. Nilipiga chafya, macho yakanijaa machozi, nikaacha kufagia nikaingia ndani kuketi. Mume wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni dawa ya kuku tu. Nilimjibu hivyo kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na chai ilikuwa mezani inapoa. Ninyi nitawasimulia yote.

Tulikaa Mafiga, Morogoro, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uwanja mdogo nyuma, mpapai mmoja, tuta la mchicha na banda la kuku. Ukisimama uwani na kuinua macho uliuona Uluguru wote, umevaa mawingu yake kama mtu aliyejitanda shuka asubuhi. Tulikuwa wanne: baba yangu Fidelis, mama, mimi Paskalina, na mdogo wangu Dismas.

Baba yangu alikuwa mgomvi. Nasema hivyo kwa mapenzi, na waliomfahamu wakati ule watanielewa. Hakupiga mtu, wala hakulewa. Alikuwa na maneno tu, na maneno yake yalikuwa na sauti. Aligombana na redio: mtangazaji akisema jambo, baba anamjibu, tena anamsubiri ajitetee. Aligombana na mvua ikichelewa, na ikija akagombana nayo kwa kuja na matope. Akikuta sufuria haina kifuniko, mtaa mzima ulijua. "Nani kaacha chakula wazi? Mmewaalika nzi harusini?" Sisi watoto tuliposikia kengele ya baiskeli yake kwenye kona tulipanga kandambili mlangoni, tukafunika kila kilichofunikika, tukakaa kimya kama tuko kanisani. Tulimwogopa. Sitawaficha kwamba siku nyingine niliomba Mungu anipe baba mpole, kama baba yake Zuhura wa nyumba ya pili, ambaye alicheka hata mtoto akivunja glasi.

Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Siku moja alirudi mchana, jua likiwa utosini, chakula chake hakijaguswa kwenye hotipoti. Kiwanda kilikuwa kimepunguza watu, naye alikuwa miongoni mwao. Siku hiyo aligombana na kila kitu, hadi mlango. Kwa miezi mingi baada ya hapo alizunguka mjini kutafuta kazi, akirudi na vumbi na hoja. Mwishowe alitutangazia akiwa amesimama, kama mtu aliye jukwaani: "Sasa natafuta kazi ambayo hakuna wa kunipunguza."

Akaondoka kwenda Kingolwira, kwa Mjomba Severini, kaka yake mama, aliyekuwa na shamba upande wa stesheni. Alirudi jioni amebeba boksi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaita kutoka mlangoni, "Mama Paska! Nimekuletea kanga!"

Mama alikuwa anakanda unga. Nakumbuka jinsi alivyonawa mikono haraka, akaifuta kwenye gauni, uso umemng'aa, kwa maana nguo mpya ilikuwa haijaingia katika nyumba ile tangu baba apunguzwe. Akafungua boksi. Ndani kulikuwa na pumba za mpunga, na katikati ya pumba, mayai. Madogo kuliko ya kuku, yamechongoka, ya rangi ya maziwa yenye madoadoa.

"Baba Paska," mama akasema taratibu, "kanga ninazozijua mimi huuzwa kwa doti."

Baba akacheka hadi akaegemea ukuta. Mama alijikaza, kisha naye akacheka. Sikumbuki kuwaona tena wakicheka pamoja namna ile.

Tulikuwa na kuku wa kienyeji, na mkubwa wao alikuwa tetea wa kijivu mwenye shingo nyeupe. Mama alimwita Sista, kwa sababu alitembea ameinamisha macho kama masista wa misheni ya kule milimani alikokulia. Sista alikuwa ametaga na alikuwa anaatamia. Baba akayaondoa mayai yake, akamwekea ya kanga. Mama alisema kumdanganya kiumbe aliyejitolea namna ile ni dhambi. Baba akajibu kwamba Sista anapenda kulea, na mapenzi hayaulizi kabila.

Mayai ya kanga huchukua muda mrefu kuliko ya kuku. Siku za kawaida zilipotimia na hakuna kilicholia chini yake, Sista alianza kuhangaika. Alisimama, akayatazama, akatembea hadi mlangoni. Baba akamfuata kwa magoti na kopo la maji na kiganja cha mtama. "Unakwenda wapi? Kazi haijaisha! Rudi!" Aligombana na kuku yule wiki nzima, na naapa kuku alimwelewa. Alirudi akalala juu ya mayai yake mageni mpaka asubuhi moja tukasikia sauti nyembamba kama ya nyenje, na vichwa vya kahawia vyenye mistari vikatokeza kwenye manyoya ya Sista.

Mtu asikudanganye kwamba kifaranga cha kanga ni rahisi kulea. Umande tu humwua. Sista, aliyezoea vifaranga wa kuku, aliwatoa alfajiri kwenye nyasi mbichi, na kabla hatujajua tulizika kadhaa. Basi baba akawa anaamka kabla ya kengele ya misa, anakaa mlangoni mwa banda kuzuia familia ile isitoke mpaka jua likaushe majani. Mtu aliyezoea kuamkia mashine sasa aliamkia umande. Na akawa hodari. Waliobaki wote walikua.

Wakawa wazuri, hasa kwa mbali. Manyoya ya kijivu yenye nukta nyeupe, kama mtu amewanyunyizia chumvi, na vichwa vitupu vyenye pembe juu na ndevu nyekundu chini. Dismas alisema wanafanana na wazee waliovaa makoti ya gharama wakasahau kofia. Walitembea kwa mstari. Mmoja akishtuka wote walishtuka, wakakimbia kuzunguka nyumba bila kujua kwa nini. Walimwonea jogoo wetu mpaka akaacha kuwika mbele yao. Na kelele! Mama Zuhura alikuja kulalamika ameshika kiuno.

"Jirani, hawa ndege wako wananifukuza kwenye nyumba niliyoijenga kwa jasho langu. Kutwa nzima, toka! toka! toka!"

"Wanamwambia nyoka," baba akamjibu. "Wewe unaitikia kwa nini?"

Waligombana pale hadi magharibi. Lakini juma lilelile kanga walizingira tuta la mchicha wakipiga kelele za kutisha, na baba alipokwenda na fimbo alimkuta swila amejikunja, hana pa kupita. Tangu siku hiyo Mama Zuhura alinyamaza, na mara mojamoja alitupa makombo ya ugali juu ya ukuta.

Saa niliyoipenda ilikuwa jioni. Jua likielekea kuzama, Sista aliacha kuparua, akatazama juu, akaenda zake bandani. Kuku wengine walimfuata. Na nyuma yao wale kanga, ambao sasa walimzidi mama yao kwa kimo, waliingia mmoja mmoja wakiinamisha vichwa mlangoni. Hakuna aliyewafukuza wala kuwaita. Baba alisimama pembeni na kipande cha ubao cha kufungia, na hiyo ndiyo saa pekee ambayo nilimwona akitabasamu bila kuwa amemshinda mtu. Alikuwa na mipango. Mwenye hoteli mmoja karibu na Msamvu alishamwambia alete ndege wakikomaa, na mayai pia. Baba alizungumza habari ya banda la pili, kisha la tatu, kisha kiwanja kule Kingolwira. Alimwambia mama, "Siwezi kupunguzwa na kanga." Mama akasema, "Sema amina, usiseme kwa kiburi." Akasema amina.

Kisha kiangazi kikaja, upepo mkavu ukishuka na kuzungusha vumbi uwanjani, na upepo ukaja na mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku.

Ulianzia nyumba za chini. Mama Zuhura alikuja asubuhi bila salamu, akasema kuku wake wawili wamelala wameshusha mabawa. Baba hakumaliza chai. Alipanda baiskeli akaenda mjini kutafuta chanjo ya matone. Duka la kwanza imeisha, la pili imeisha, la tatu wakamwambia labda wiki ijayo, kwa sababu mji mzima unaitafuta. Alirudi na habari hiyo tu. Ndipo mama akashusha kinu, akavunja shubiri iliyoota kando ya choo, akachuma pilipili kichaa, wakaponda. Mimi nilishika kuku, baba alipanua mdomo, mama alitia dawa kwa kijiko cha chai. Nilikuwa na pilipili kwenye vidole, machoni na puani. Hakuna aliyezungumza isipokuwa baba, ambaye aliwagombeza kuku: "Meza! Meza, usiteme! Unafikiri nakutania?"

Hawakusikia. Walianza kuharisha kijani, wakasinzia wamesimama, kisha shingo zikawapinda kana kwamba wanatafuta kitu mgongoni mwao. Jogoo alitangulia. Baba alichimba shimo karibu na mpapai, refu ili mbwa wasifukue, na kila asubuhi lilijazwa kidogo. Sista alidumu kuliko wote. Alasiri moja alijikokota hadi mahali alipozoea kuparua, akaketi, akainamisha macho kama kawaida yake, na kanga wakasimama kumzunguka. Tulidhani anapumzika. Mama ndiye aliyekwenda kumgusa.

Lakini kanga hawakufa hata mmoja. Walipita katikati ya kifo kile kama watu waliokuja msibani kwa bahati mbaya. Na baba, aliyekuwa amenyong'onyea, akainuka. "Niliwaambia! Mjomba Severini aliniambia: kanga ni mgumu!" Alisimama katika uwanja ule mtupu, miguu ina majivu aliyomwagia bandani, akatuonyesha kwa mkono ndege wake waliobaki. "Bado tupo," akasema.

Jioni ile jua liliposhuka tulisubiri mlangoni mwa banda. Kanga walikuja hadi karibu, wakanyoosha shingo, wakatazama lile giza la ndani. Hakuna aliyetangulia. Wakazunguka banda, wakarudi, wakatazama tena. Ndipo tulipofahamu kwamba hawakuwahi kulijua banda. Walichokijua ni kumfuata Sista.

Baba alitandaza mtama kuanzia uwanjani hadi ndani. Walikula wakaishia mlangoni. Tuliwafukuza sote wanne, tumepanua mikono, mama na kanga yake ya kuvaa. Wakaruka juu ya vichwa vyetu kwa kishindo, wakatua juu ya mti wa mjohoro wa Mama Zuhura. Wakalala huko. Mama alisema atafutwe tetea mwingine wa kuwaongoza. Tetea gani? Mtaa mzima haukuwa na kuku. Baba alikwenda hadi Kingolwira akamkuta Mjomba Severini naye anafukia kuku wake. "Hata ukimpata, shemeji," mjomba akamwambia, "ukimtia katika banda lile, unamtia kaburini."

Baada ya siku chache waliuacha mjohoro, wakalala mbali zaidi, kuelekea mtoni, kisha kwenye mashamba yaliyo chini ya mlima. Baba alifanikiwa kuwanasa wawili akawakata manyoya ya bawa wasiruke. Hao ndio walioliwa na mbwa. Wengine walipungua bila kutuaga. Kila jioni baba alichukua kopo la mtama, akapita mitaa akilitikisa, na mimi nikimfuata kwa sababu nilikuwa na macho mazuri. Watoto walimpa jina, Baba Kanga. Zamani angewafukuza hadi kwao na kuwagombeza pamoja na wazazi wao. Sasa alitikisa kopo tu.

Jioni moja tulipita nyuma ya nyumba moja iliyo karibu na mto, na mimi, kwa macho yangu mazuri, nikaona. Kwenye shimo la takataka kulikuwa na manyoya ya kijivu yenye nukta nyeupe, mengi, mengine bado yana unyevu wa maji ya moto. Nikamshika baba mkono, nikamwonyesha. Mwenye nyumba alikuwa barazani na wanawe, wamezunguka sinia. Harufu ya mchuzi ilitufikia pale tuliposimama.

Nilijua sasa itakuwa vita, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka iwe. Nilisubiri ile sauti. Niliitamani.

Yule mtu alituona, akaona kopo, akaona tunakotazama. Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Karibuni, mzee."

Baba akashusha kopo. "Asante," akasema. "Tumeshakula."

Hatukuwa tumekula. Akageuka, tukarudi. Njiani alimwaga mtama wote kandokando ya njia, si kwa hasira, taratibu, kama mtu anayemwaga maji aliyonawia. Tulipofika nyumbani mama aliuliza, "Mmewaona?" Baba akasema, "Haina neno."

Na tangu hapo hilo ndilo lilikuwa neno lake. Kandambili zimetupwa ovyo: haina neno. Ugali umeungua: haina neno. Dismas alivunja kioo cha redio kwa mpira, tukajificha chini ya kitanda. Baba akaja, akainama, akatuambia tutoke, tusije tukaumwa na siafu. Redio ilipopona aliisikiliza hadi mwisho bila kuijibu. Mama Zuhura alimpitia na uchokozi wake wa kijirani, akamjibu, "Ni kweli, jirani."

Sasa nawaambia jambo ambalo ndilo hasa lililonikalisha kitini juzi. Sisi watoto tulifurahi. Ule ulikuwa mwaka mzuri kwetu. Nilidhani Mungu amesikia maombi yangu na kunipa baba mpole, tena yuleyule, bila kumbadilisha sura. Nilijivuna kwa Zuhura. Niliketi karibu na baba barazani, kitu ambacho sikuwahi kuthubutu, na aliniacha niegemee bega lake muda wote niliotaka.

Aliyeniudhi alikuwa mama. Mama alimgeuka. Mwanamke aliyekuwa akimwambia kila siku "punguza sauti" sasa alimchokoza kutwa. Aliacha sufuria wazi kwa makusudi, mbele ya macho yake. Alitia chumvi hadi mchuzi haulambiki. Aliwasema ndugu wa baba. Mdondo ulipopita kabisa alinunua vifaranga, akawaweka miguuni pake wakilia, akasema, "Haya, Baba Paska, watakufa kama hujawajengea." Baba akawatazama. "Wazuri," akasema. Mama akawajengea mwenyewe, kwa mikono yake, vibaya, akitazama nyuma mara kwa mara aone kama kuna mtu atakayekuja kumwambia kwamba mlango umekaa upande.

Siku moja akampokonya kikombe cha chai mkononi. Sisi tulikuwepo. Alimwita kwa jina, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu.

"Fidelis, nitukane basi. Nitukane nisikie."

"Nikutukane kwa lipi, Mama Paska?" baba akamjibu. "Hujanikosea."

Mama alitoka nje akakaa kwenye kizingiti cha jiko, na mimi nilimwona mkatili kuliko wanawake wote wa Morogoro. Usiku sikumpa mkono wa kulala.

Baba alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala, akaifanya miaka mingi. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kulalamika. Hatukufuga tena kanga, na wale vifaranga wa mama walikua wakaisha kwa mboga. Nikaolewa, nikazaa. Kila nilipokwenda kumwona alinipokea vizuri, akaniuliza habari za wajukuu, akasikiliza jibu lote. Alifariki asubuhi moja ya mvua, bila kumsumbua mtu.

Msibani watu walijaa uwanja. Walisimama mmoja baada ya mwingine, bosi wake wa ghalani, wazee wa jumuiya, vijana ambao walimfahamu akiwa tayari ana mvi. Wote walisema neno moja. Alikuwa mtu mpole. Hakugombana na mtu. Miaka yote ile hatukumsikia akipandisha sauti. Watu waliitikia, "Kweli, kweli," na mimi niliitikia pamoja nao, nikilia.

Mama alikuwa amekaa mkekani, karibu nami, amejifunika. Nilidhani naye analia. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Huyo wanayemsema ni nani?" akaniuliza. "Mimi huyo sikuolewa naye."

Nikamgeukia. Hakuwa na chozi. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyemaliza msiba wake zamani sana, akiwa peke yake jikoni, wakati wanawe wakifurahi barazani.